Chini ya Mnara Usiojengwa

Kawangware, 14 Januari 2025

Mpendwa Angeline,

Pokea salamu za mjomba wako Ephantus, ingawa najua hukuzitarajia. Tangu tumzike mama yako, dada yangu Wangoi, hatujasemezana, na hiyo ni miaka kumi na sita. Kabiru mwanangu yuko Nakuru na watoto wake, wote wazima. Mke wangu alitangulia mwaka juzi. Mimi nina miaka themanini na mitatu na sina sauti. Mwezi wa Agosti madaktari waliukata uvimbe kooni wakaondoka na sauti pia, na sasa uvimbe umerudi mahali pengine. Simu hainifai tena, kwa hiyo naandika. Bridgit, mama anayenipikia, atakuletea barua hii hadi kibandani kwako Soko la Toi. Kutoka hapa hadi kwako Lindi, Kibera, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu. Sisi tumeufanya mrefu kuliko huo.

Bila shaka umesikia habari za mnara. Wanataka kujenga hapa Kawangware jengo la ghorofa mia moja na thelathini, refu kuliko yote barani. Picha yake iko kwenye uzio wa mabati kando ya barabara: mnara wa kioo, mawingu yameufika kiunoni. Mpangaji wangu Wesonga husimama mbele ya picha hiyo kila asubuhi akicheka. "Mwalimu," ananiambia, "maji hayapandi ghorofa ya tatu, yatapanda ya mia? Stima ikipotea, mtu ataanza kupanda ngazi akiwa kijana, afike juu ana mvi."

Lakini majirani wameshauza. Ploti yetu iko katikati, na bila sahihi yangu mnara hauna pa kusimama. Kabla ya kupanda juu, watachimba mita arobaini kwenda chini. Udongo utabebwa kwa malori ukatupwe sijui wapi.

Nakuomba uje kabla ya mashine. Katika ploti hii kuna kitu chako, na sitaki kibebwe na lori.

Mjomba wako,
Ephantus Kagiri


Lindi, Kibera, 2 Februari 2025

Mjomba Ephantus,

Barua yako nimeipata. Pole kwa ugonjwa na pole kwa mama Kabiru. Sisi tuko sawa. Mwanangu Kevin amemaliza kozi ya stima, bado hajapata kazi ya kudumu, lakini halali njaa. Biashara ya nguo inaenda hivyo hivyo; Januari watu wamelipa karo, hawanunui suruali.

Bridgit alinikuta nikipanga bei na mteja. Akanipa bahasha akasema, "Imetoka kwa Mwalimu." Nikamuuliza, "Mwalimu gani? Mimi shule nilimaliza kitambo." Akacheka. Nilipoifungua sikucheka.

Kevin ameisoma habari ya mnara kwa simu. Ananiuliza, "Mathe, kwani hao wa juu watakuwa wanaona Kibera yote? Basi tutaanza kuanika nguo safi." Nimemwambia hata kama utajengwa, hatutaalikwa.

Mjomba, siji. Mara ya mwisho nilipokuwa katika ploti hiyo nilikuwa na miaka saba. Guka Kagiri, babu yangu, alisimama mlangoni, akatuambia mwanamke aliyeachwa na Mkamba hana chumba kwake. Wewe ulikuwa nyuma yake. Ulibeba godoro letu mpaka barabarani, ukaliweka chini polepole, kama yai. Mama hakusahau ule upole. Alisema afadhali ungelitupa.

Kama kitu unachosema ni sehemu ya urithi, mpe Kabiru. Kama ni kitu kingine, kitaje.

Kuna jambo niliona nilipofungua bahasha yako. Sitalisema leo. Nataka kwanza nihakikishe macho yangu hayanidanganyi.

Angeline


Kawangware, 9 Machi 2025

Mpendwa Angeline,

Natumaini Kevin amepata kazi. Mwambie fundi wa stima hakosi riziki mji huu, mradi asiguse waya za watu wasiolipa. Mvua bado, joto ni kali, na mabati ya vyumba yanalia mchana kutwa.

Habari ya godoro ni kweli yote.

Mashine ya kupima udongo imekuja. Ni kama mnazi wa chuma uliowekwa kwenye magurudumu. Inatoboa shimo jembamba, na udongo unapanda ndani ya bomba kama muwa mrefu, kisha wanaulaza katika masanduku ya mbao, mita kwa mita. Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja. Niliwafundisha watoto udongo wa hapa: mwekundu juu, kisha mfinyanzi, kisha mwamba laini wa manjano. Nilienda kuangalia masanduku kama mtu anayeangalia daftari za wanafunzi.

Mhandisi wao ni kijana anaitwa Marvin, mwenye adabu. Walitoboa karibu na mlango wa chumba nambari saba, ninakolala. Vyumba viko kumi na vinne, na wapangaji hushangaa kwa nini niliiacha nyumba kubwa ya mbele nikahamia chumba kimoja cha nyuma. Marvin alichutama mbele ya masanduku akakuna kichwa. "Mzee, hapa udongo umechanganyika. Mwekundu uko mpaka mita tisa, na vipande vya tofali ndani yake. Kwani palikuwa na kisima?"

Nilitikisa kichwa. Hana habari kwamba hata nilipokuwa na sauti ningetikisa kichwa.

Akaandika katika karatasi yake: udongo wa kujazwa. Wanataka nitie sahihi mwezi wa Mei. Nimewaandikia kwamba nangoja mtu wa familia.

Usingizi wangu umekuwa mbaya tangu mashine ije. Si kelele yake. Ikizimwa ndipo nasikia.

Hukuniambia uliona nini katika bahasha.

Mjomba wako,
Ephantus


Lindi, 21 Aprili 2025

Mjomba,

Tunashukuru Mungu tumeiona Pasaka. Kevin amepata kibarua cha wiki sita Riruta. Mvua imeanza vizuri, choo cha ploti yetu kimejaa maji, na landlord amezima simu.

Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Unajua kwa nini nimechagua siku hii.

Baba yangu Mutunga aliondoka nyumbani Jumatatu ya Pasaka, 1986. Nilikuwa na miaka sita. Alikunywa uji amesimama, akaniambia nisimmalizie kiazi chake kitamu, atakirudia. Baada ya wiki tatu mama akaletewa barua: amepata kazi Mombasa, amechoka na maneno ya wakwe, asitafutwe. Mama hakuamini. Alinibeba hadi Kitui kumtafuta kwao. Shangazi Kasyoka akatufukuza akisema sisi Wakikuyu ndio tumemficha, tumrudishe. Kwa hiyo kwa akina mama yangu mimi ni mtoto wa mtoro, na kwa akina baba yangu ni mtoto wa waliomla ndugu yao.

Barua ile mama aliitunza ndani ya Biblia mpaka akafa. Ninayo. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Utotoni nilijifunza kuandika kwa kufuatisha herufi zake kwa kidole, kwa sababu ndicho kitu pekee cha baba nilichokuwa nacho.

Juzi nimeziweka mezani pamoja, hiyo na zako mbili. Nikamwita Kevin bila kumwambia lolote. Nikamuuliza, "Hizi zimeandikwa na watu wangapi?"

Akasema, "Si ni mtu mmoja, mathe. Kwani kuna shida?"

Nijibu, mjomba. Mnara sitaki kuusikia tena. Nijibu hilo tu.

Angeline


Kawangware, 30 Juni 2025

Mpendwa Angeline,

Nimechelewa kwa miezi miwili. Sehemu yake ni hospitali. Sehemu kubwa ni woga. Madaktari wanasema nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Kabiru amekuja mara mbili.

Mnara umekufa. Marvin alikuja wiki iliyopita kuniaga. Wenye mradi wameona udongo wa huku una kazi nyingi, tena wamepata ardhi kubwa katika mji mwingine ambao haujawahi kuwa na jengo la kupita ghorofa kumi. Wataupeleka huko mnara wao na mawingu yake. Mabati ya uzio yalikwisha kwa siku tatu. Picha ya ghorofa za juu sasa ni ukuta wa banda la kuku la Wesonga. Sahihi yangu haihitajiki. Hakuna atakayechimba.

Marvin alipotoka langoni nilifurahi. Nilikaa kitandani nikifurahi, mzee wa miaka themanini na mitatu, na furaha ile ikaniogopesha kuliko ugonjwa. Nikaona kwamba kama sitaandika leo, nitakufa nikiwa nimefurahi hivyo.

Barua ya Mombasa niliiandika mimi.

Baba yako hakwenda Mombasa. Hakwenda popote. Baba yangu Kagiri alitaka choo kipya nyuma ya ploti, na mchimbaji bora tuliyemjua alikuwa shemeji yangu, ambaye baba hakutaka kumwita mkwe. Alimwita tu siku za kazi. Mutunga alichimba siku tano akafika mita tisa. Jumapili mvua ikanyesha. Jumatatu alisema tungoje udongo ukauke, au tupate mbao za kuzuia kuta. Baba akasema mbao za nini, watu wa Kitui wamezaliwa mashimoni. Mimi nilijua. Nilikuwa nafundisha udongo. Nikasema, "Shemeji, malizia tu, ni kazi ya nusu siku."

Udongo ukaporomoka. Nilikuwa juu, sikuanguka. Alikuwa chini.

Tungemchimbua ingetubidi kubomoa vyumba vitatu vipya vilivyokuwa ukingoni, na kuita serikali. Shimo halikuwa na ruhusa. Tulikuwa tunangoja hati ya ploti, na baba alisema mtu akifa hapa, hati haitakuja kamwe. Tukajaza shimo, na Wangoi alipokuja kumuulizia tukamwambia alimaliza, akalipwa, akaondoka. Juu yake nikajenga chumba nambari saba. Baba alikufa bila kulitaja tena jambo hilo. Mke wangu alikufa bila kujua. Baada ya kumzika nilihamia chumba hicho. Sijui kama nilifikiri namlinda au namzuia.

Kitu chako nilichokutajia ni yeye.

Ephantus


Lindi, 8 Julai 2025

Mjomba,

Leo sikusalimu.

Nimempigia shangazi Kasyoka. Wanawe wawili ni wachimbaji mpaka leo. Watakuja na vifaa vyao, na Kevin atakuwa nao. Polisi nitaenda mwenyewe. Wewe mwandikie afisa maelezo yako, na chumba kivunjwe.

Kabla sijafika hapo nataka jibu la swali moja. Umeandika, "Alikuwa chini," ukaruka moja kwa moja hadi vyumba vitatu na hati.

Alikufa papo hapo?

Angeline


Kawangware, 13 Julai 2025

Angeline,

Wapangaji wa vyumba nambari sita na nane wameshahama. Afisa amekuja, nimemwandikia. Kalamu inanitoroka vidoleni. Bridgit ananishikia karatasi, lakini nimemwomba atazame dirishani.

Hapana. Hakufa papo hapo.

Sikukuambia tulivyofanya kazi. Wachimbaji wa kwao huenda wawili. Mmoja hushuka, mwingine hubaki juu na kamba. Walikuwa na sharti lao: kamba haishikwi na mgeni, hushikwa na ndugu, kwa sababu mgeni anaweza kuitwa na mambo yake akaiacha. Mwenzake alikuwa binamu yake, na binamu alikuwa ameenda nyumbani kwa Pasaka. Mutunga alikaa ukingoni akiwa na kamba mkononi. Baba alipomharakisha, alisema, "Leo hakuna ndugu wa kunishikia." Kisha akanitazama akacheka. "Lakini si Mwalimu ni shemeji? Basi ndugu yupo." Akanipa.

Katika miaka saba ya kuishi na dada yangu, hakuna aliyewahi kumwita ndugu katika ploti ile. Alijiita mwenyewe siku hiyo.

Alinifundisha ishara. Akivuta mara moja, nipandishe ndoo. Mara mbili, ningoje. Mara tatu, nimtoe yeye.

Udongo uliposhuka, kamba ilibaki imenyooka. Nilikuwa bado nimeishika. Ikavutwa mara tatu.

Nilivuta. Haikusogea. Nikapiga kelele, baba akaja kutoka nyumba ya mbele. Nikamwambia kamba inavutwa. Akaishika yeye, akasikia. Najua alisikia, niliuona uso wake. Kisha akasema, "Ni udongo unatulia." Ikavutwa tena, mara tatu. Akasema, "Ni udongo." Mimi, mwalimu, niliyejua jinsi udongo unavyotulia, nikasema, "Ndiyo, baba."

Majirani walikuwa kanisani. Kungekuwa na watu ishirini pale kama ningekimbia hadi kwenye lango la kanisa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Niliifunga kamba kwenye nguzo ili isiwe mkononi mwangu, nikaingia ndani. Nilipotoka saa nane ilikuwa bado inacheza kidogo pale kwenye nguzo. Saa tisa ilikuwa imetulia. Ndipo tukaanza kujaza.

Hicho ndicho ninachosikia mashine ikizimwa. Hakina sauti. Nakisikia mkononi.

Sikuombi msamaha. Najua nikiuomba nitakuwa nakupa kazi nyingine.

Ephantus


Kitui, 4 Septemba 2025

Mjomba Ephantus,

Nakuandikia kutoka kwa shangazi Kasyoka. Huku ni kukavu, mbuzi wamekonda, lakini watu wametupokea vizuri. Kevin amepewa jina la babu yake na kila mzee anayepita, mpaka amezoea kuitika. Bridgit ameniambia bado unakunywa uji kidogo. Nimemshukuru kwa kuniambia hivyo, na sijui nilishukuru nini.

Siku ile ya kuchimba nilikuona. Ulikuwa kwenye kiti cha plastiki ukionyesha kwa fimbo, kushoto kidogo, hapo. Nilipita mbele yako mara nne sikukusalimu. Ulitaka kusimama kila nilipopita. Niliona, nikageuza uso. Walipomfikia nilikuwa ukingoni, na wewe walikuwa wamekuingiza ndani kwa sababu ya jua, kwa hiyo nikuambie mimi. Alikuwa amekaa. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta, mikono juu ya kichwa. Wana wa Kasyoka walimtoa kwa mikono, bila jembe, na walikuwa wakimsemesha Kikamba kama mtu aliyechelewa kurudi kutoka kazini.

Tumemzika Jumamosi iliyopita kando ya wazazi wake. Kaburi la mama yangu liko Lang'ata, kwa hiyo hawako pamoja. Hilo pia lina mwenye kulijibu.

Sasa sikia hili. Baada ya maziko wazee walikaa na mimi chini ya paa la jikoni. Mzee mmoja, naye alichimba mashimo ujana wake, alitaka kujua udongo ulikuwa wa aina gani, kina kilikuwa mita ngapi. Nilijibu. Halafu akauliza, "Na nani alikuwa ameshika kamba?"

Wote wakanigeukia. Maelezo yako kwa polisi nimeyasoma. Umeandika shimo, mvua, mbao, baba yako. Kamba hukuiandika. Umeniandikia mimi peke yangu.

Barua yako ilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nilimwangalia shangazi Kasyoka, mama wa miaka sabini na nane, ambaye ndiyo kwanza ameanza kula tangu Julai. Nikajibu, "Sijui, mzee. Ni zamani sana."

Wakaitikia. Mmoja akasema labda alikuwa mgeni, wageni huacha kamba. Wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Usiku sikulala. Nilijilaza nikisikiliza jinsi nilivyosema lile neno, polepole, kwa upole. Na nikajua nimelisikia wapi. Ni ule upole uliotumia kuliweka godoro letu barabarani. Nilidhani mambo hayo huwa ya mtu mbaya. Kumbe huwa ya mtu anayeona wenzake wamechoka.

Mjomba, sitaishi hivyo. Miaka thelathini na tisa uliyoishi hivyo wewe inatosha ukoo mzima.

Jumamosi tarehe kumi na tatu nakuja Kawangware na shangazi Kasyoka na yule mzee. Sijawaambia kwa nini. Nimesema tu mjomba ni mgonjwa, tumwone. Watakaa mbele yako. Mzee atarudia swali lake, na utajibu kwa kichwa au kwa kalamu, utakavyoweza, Kasyoka akiangalia. Sitakushikia karatasi. Nitakaa upande wao.

Ukiwa hai siku hiyo, utajibu wewe. Ukiwa umekwenda, nitajibu mimi, na sitapunguza hata neno.

Mpwa wako,
Angeline wa Mutunga